Fundi mitutu mnayemjua nyote leo kaniuliza nimepima macho lini!!!

Mlala_Kifudifudi:
Wakuu salaam. Natoa salaam kwa shida, vidole vinatetemeka.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa kofia ya sufu, karakana inanuka mafuta na mbwa. Kila mlenga shabaha Mswahili aliyeko Uingereza kashapita kwake, na tuko kama watatu, kwa hiyo mnamjua.

Nilimpelekea bunduki yangu ya 7.62 aniwekee mtutu mpya. Ule wa zamani koo, pale risasi inapoanzia safari, limeliwa, umeshatema risasi elfu tano na ushee. Kakaa nayo miezi minne. Mbuzi angekuwa anakaribia kuzaa. Pauni 900 nimelipa kimya kimya kama mahari.

Jumamosi niko Bisley, uwanja wa shabaha, yadi 300. Nalala, navuta pumzi, nabana. Kulia. Nazungusha saiti ya nyuma, kile kilengeo cha karibu na jicho, kuelekea kushoto. Kulia. Naongeza dakika (za pembe, si za saa) nne, nane, kumi na mbili, mpaka kitufe kikagoma kabisa. Bado kulia! Risasi zimejikusanya vizuri kama kuku waliokimbia mvua, ila banda si lao. Jamaa wa bango la jirani akaanza kunitazama kama mwizi wa kanga.

Leo nimemrudia na daftari langu, kila risasi nimeichora ilipogonga. Yuko na chai na biskuti. Hakusimama. Hakugusa bunduki. Hakushika hata rula. Kaangalia mchoro, katafuna, kasema: "Kijana, umepima macho lini?"

MACHO. Kijana! Nina miaka 46.

Hakutazama kama saiti ya mbele imekaa juu kabisa ya mtutu au imelala upande. Toka saiti hadi saiti ni kama mita moja, kwa hiyo milimita 1 kule mbele ni dakika tatu na nusu huku kwenye shabaha. Mwanangu wa darasa la saba anaipiga hiyo hesabu. Yeye: macho. Huku anatafuna! Punje ya biskuti ikamdondoka, ikatua kwenye mchoro wangu katikati kabisa ya duara. Ndiyo kitu pekee kilichogonga katikati tangu aniwekee huo mtutu.

Macho, jamani. Mimi.

Tandika_Sokoni:
Mkuu mimi niko Tandika, huyo fundi simjui. Ila swali lake la msingi. Umepima lini?

Mama_Wawili:
Biskuti 1, mleta uzi 0 😂😂

Mtu_wa_Ohio:
Nyie wa Uingereza mnadekezwa. Mimi huku fundi kanifungia mtutu wa .308, nikanunua geji zangu mwenyewe, vile vyuma vya kupimia nafasi ya kukaa risasi. Ile ya kwanza komeo linatakiwa lifunge, likafunga, nikashangilia. Ya pili halitakiwi kufunga. Likafunga kama mlango wa friji! Tofauti ya geji hizo mbili ni 0.1 mm tu, na jamaa kaimeza yote. Nimempigia simu, anasema geji zangu zimechoka. Zimetoka dukani jana!

Kerezo_Gerezani:
Nakereza vyuma hapa Gerezani miaka 20, bunduki sijawahi kushika, lakini chuma ni chuma. Tundu refu la namna hiyo haliwi nyoofu kama uzi, lazima lina kakona. Unaufunga kwenye kerezo la taya nne, unaweka saa ya kupimia, unalegeza huku unakaza kule mpaka mshale utulie, ndipo unakata nyuzi. Mwenye haraka anakufungia mdomo unatazama Mbagala, matako yanatazama Mwenge.

Ila mkuu, umesema zimejikusanya vizuri. Basi mtutu mzima huo. Saiti ya mbele kaifunga nani?

Mlala_Kifudifudi:
Mada ni MACHO. Tusitoke nje ya mada.

Kerezo_Gerezani:
Kaifunga nani?

Mlala_Kifudifudi:
Niliilegeza kidogo ili ikae vizuri kwenye begi. Nikaikaza mwenyewe kwenye maegesho, kulikuwa na baridi. Hilo halimpi ruhusa ya kunisema macho HUKU ANATAFUNA!

Tandika_Sokoni:
Uzi wote huu kumbe chai. Biskuti kaleta fundi.

Mama_Wawili:
😂😂😂 nimemwamsha mume wangu

Kitengela_Finest:
Wewe umeulizwa macho, shukuru. Mimi juzi nimepeleka gari alaimenti, limetoka linatembea upande kama kaa. Nikaachilia usukani, nusura niingie kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma. Nimerudi, fundi ananiambia ni barabara. Barabara! Kwani barabara ndiyo nilikulipa?

Kikuyu_Street_Dom:
Afadhali barabara. Fundi dishi wangu kasema ni mawingu. Miezi mitatu mawingu. Niko DODOMA.

Mama_Wawili:
Mawingu Dodoma nimekufa

Mtu_wa_Ohio:
Turudi kwenye geji zangu, hakuna aliyenijibu.

Mlala_Kifudifudi:
Mwenye uzi ni mimi! Nimetoka kuifungua ile saiti sasa hivi. Imelala kidogo tu, kwa macho huioni.

Tandika_Sokoni:
Kwa macho ya nani?

Kerezo_Gerezani:
Dodoma, picha inaganda au haiji kabisa?

Kikuyu_Street_Dom:
Inaganda. Jioni ndiyo balaa, watoto wanataka katuni.

Kerezo_Gerezani:
Hapo dishi limesogea kidogo, labda upepo. Usizungushe kwa nguvu. Lina futi ngapi?

Kikuyu_Street_Dom:
Sita. Niko juu ya bati tayari. Nilegeze nati ya juu au ya chini?

Kerezo_Gerezani:
Ya chini. Ya juu usiiguse.