Vitabu vya picha kwa mtoto anayekata tamaa haraka: nisaidieni

MamaWawili (Tanga)
Habarini wapendwa. Binti yangu ana miaka mitano, yuko darasa la awali. Anapenda sana kuchora, ila mstari ukipinda kidogo tu, karatasi nzima anaifinyanga na kuitupa: "Mimi siwezi!" Viatu vya kamba ndiyo kabisa, anavivua anavaa ndala. Natafuta vitabu vya picha vyenye wahusika wasiokata tamaa, lakini viwe na maajabu: wanyama wanaoongea, safari za mwezini, chochote cha kumfungua mawazo. Vingi nilivyoviona dukani vinaishia na "Hadithi hii inatufundisha nini?" na hapo binti yangu anashuka kitandani. Viwe vya Kiswahili tafadhali. Nataka acheke papo hapo, siyo asubiri nimtafsirie.

Msomaji_Dom
Dada, ingia tovuti ya African Storybook, ya shirika la Saide la Afrika Kusini. Ni bure, na hadithi za Kiswahili zimo nyingi. Unapakua, unaenda kuchapa steshenari. Kiswahili chake kinatofautiana, kingine kimenyooka, kingine kina makosa, kwa hiyo zipitie mwenyewe kwanza.

Mwl_Awali (Morogoro)
Mama, hongera kwa kuliona hili mapema. Mimi nafundisha chekechea, na kitabu cha namna hii huwa nakifungua katikati kabla sijatazama jalada. Nahesabu kurasa za kushindwa. Kama mhusika anashindwa ukurasa mmoja, na ukurasa unaofuata anashangiliwa, nakirudisha. Mtoto wako anashindwa jioni nzima. Atamwona huyo kama mtu wa bahati tu. Natafuta kitabu ambacho mhusika anaanguka mara tatu au zaidi, kila mara kwa namna nyingine, na mchoraji amechora uso wake ukibadilika: hasira, aibu, kisha lile jicho la kufikiri. Watoto husoma nyuso kabla hawajajua herufi.

Ukifika kwenye kushindwa, usifungue ukurasa haraka. Muulize, "Sasa atafanyaje?" kisha nyamaza kabisa. Akisema kobe aote mabawa, pokea, muulize ni ya rangi gani. Na nakuomba sana, usimwambie "umeona, na wewe ukichora ufanye hivyo." Ataunganisha mwenyewe, pengine baada ya wiki kadhaa.

Humo African Storybook kuna hadithi ya Wangari Maathai, yule mama wa Kenya aliyehamasisha upandaji miti, inayoanza akiwa mtoto shambani na mama yake. Picha zake nzuri. Ukimsomea, mwongezee ambalo lilitokea kweli: mwaka 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, na miwili tu ndiyo iliyodumu. Wakaendelea kupanda. Tuzo ya Amani ya Nobeli ilikuja 2004. Watoto wangu huwa hawajali Nobeli hata kidogo, wanauliza ile mitano ilikufaje.

Ila kwa maajabu unayoyataka, mimi ningeanza na ile ya mti wenye jina. Njaa imeingia, mti umejaa matunda, na hayaanguki mpaka utaje jina lake, analolijua mfalme wa mbali peke yake. Anatumwa sungura, anarudi mbio, anajikwaa, jina linamtoka. Swala naye hivyo hivyo. Tembo naye. Mwisho kobe, analiimba jina kila hatua, na akijikwaa analianza upya. Jina la mti mwachie binti yako alitunge, liwe refu la kuuma ulimi. Darasani kwangu ni Mng'ongororondo, na hakuna anayekubali libadilishwe. Anza na "Paukwa!" aitikie "Pakawa!", kisha mchore wote wawili kitabu chenu. Kila mnyama apate ukurasa wake wa kujikwaa.

BabaKhamis (Unguja)
Shikamoo mwalimu. Naongeza moja. Vitabu vingi vya kuvumilia vina shujaa anayepambana peke yake mpaka mwisho. Mwanangu alikuwa anakaa na fumbo la vipande huku analia, na hataki kuguswa, kwa sababu aliamini kuomba msaada ndiyo kushindwa. Tafuteni na zile ambazo mhusika anamwendea bibi au rafiki na kusema "nishikie hapa," kisha anaendelea na kazi yake mwenyewe.

Mwl_Awali (Morogoro)
Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa. Mama, basi kobe wenu ampitie mtu njiani, amwombe amkumbushe wimbo.

MamaWawili (Tanga)
Mwalimu, baba, ahsanteni mno. Nimemsimulia ya mti leo, jina alilotunga lina "bwi" nne ndani yake, na kobe ameshachorwa. Gamba limetoka mraba. Hajaitupa karatasi, lakini amesema ni mbaya. Nimwambie nini? Na kitabu nikishonaje kisichanike?

Mwl_Awali (Morogoro)
Usimbishie kwamba ni nzuri. Muulize huyo kobe wa mraba analalaje usiku, kisha mwachie kalamu. Kushona ni rahisi: kunja karatasi nne za A4 katikati, jalada la manila nje, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, pitisha uzi mnene kutoka tundu la kati, ufunge fundo kwa nje. Mtapata kurasa kumi na sita. Acheni tatu za mwisho wazi, kwa sababu lazima atataka kumwongeza mnyama mwingine.