Mrejesho: Nimekwenda Ngamiani kuiona nyumba tuliyokulia

Wakuu, niliwauliza kama nirudi Tanga kuiona nyumba tuliyokulia, ambayo familia iliiuza zamani. Wengi mlinishauri niache, nitaumia tu. Nimekwenda.

Ngamiani, mtaa wetu pale Tanga, bado ina barabara zake za namba, kwa hiyo sikupotea. Nyumba ipo, ila uani kumebadilika: minyaa iliyokuwa uzio kati yetu na jirani imeng'olewa, pamejengwa ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu. Siwalaumu, wezi wapo. Lakini pale kwenye minyaa ndipo mtaa ulipoishi. Bibi wa jirani alipitisha bakuli la futari, na mama hakulirudisha tupu hata siku moja. Chumvi, kaa la moto, habari za msiba, vyote vilipita hapo. Watoto tulionywa tusivunje matawi, maana utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa. Tulivunja hivyo hivyo.

Mwenye nyumba wa sasa alinikaribisha chai. Jirani wa nyumba ya nyuma, anasema, husalimiana naye msikitini tu, kwake hajawahi kuingia. Yule bibi alishafariki. Binti yake amehamia Muheza, namba nimepewa, Jumapili nampigia.