Mafundi wa nyumba janja, mlango wa gereji si taa ya sebuleni! Acheni kuwafungia watu swichi za taa

Wakuu, hili limezidi. Mtu ana gereji ya milango mitatu na anataka kuisimamia yote kwa simu. Anaitwa fundi, anafunga swichi tatu za Wi-Fi zilizotengenezwa kwa ajili ya taa, anaonyesha kila mlango ukipanda na kushuka mara moja, anachukua hela na kuondoka. Huo si mfumo. Ni kitufe kimeongezewa umbali tu, na hakijui mlango uko wapi.

Mota nyingi za gereji zina njia moja tu ya amri. Ukigusisha nyaya mbili kwa nusu sekunde, mlango unapanda, ukigusisha tena, unasimama, ukirudia, unashuka. Humo ndani hakuna amri ya "funga". Sasa fundi anaweka kwenye apu amri ya usiku ya "funga yote", ambayo kazi yake ni kugusisha rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme ndani ya kifaa) zote tatu kwa pamoja. Mlango mmoja uliokuwa wazi unafungwa, miwili iliyokuwa imefungwa inafunguka saa nne usiku. Mwenye nyumba yuko kitandani, apu inamwambia yote imefungwa, kwa sababu inahesabu mibonyezo tu. Mnalijua hili. Kwa nini mnaendelea?

Kila mlango uwe na sensa yake, ikiwezekana mbili: moja ya kujua umefungwa kabisa, nyingine ya kujua umefunguka kabisa. Mlango wa vipande unaolala darini unakubali sensa ya mwinamo au ya sumaku. Mlango unaojiviringisha juu, na geti la kuteleza, ni sumaku tu, maana hakuna kinachoinama. Vile visensa vya sumaku vya milango ya mbao havivumilii nafasi kati ya vipande vyake viwili inayozidi milimita 15 hadi 20 hivi, na ukivibandika moja kwa moja kwenye bati, chuma kinapunguza nguvu ya sumaku. Weka kipande cha plastiki chini yake au tafuta sensa ya nafasi kubwa. Bati likicheza kwa upepo, sensa iliyofungwa kwenye ukingo wa uwezo wake itapiga kelele usiku kucha.

Amri ya kufunga iandikwe hivi, kwa kila mlango peke yake: kama sensa ya juu inasema uko wazi, gusa mara moja, subiri sekunde 30, soma sensa ya chini. Kama bado haujafungwa, tuma ujumbe kwa mwenye nyumba na uishie hapo. USIGUSE MARA YA PILI. Mlango uliorudi juu wenyewe mara nyingi umerudishwa na jicho la usalama (mwali unaokatiza chini ya mlango) kwa sababu kuna kitu chini yake, na kitu hicho kinaweza kuwa mtoto. Uliokwama katikati nao usiuguse kwa mbali, kwani huwezi kujua utapanda au utashuka. Marekani macho haya au kinga inayolingana nayo ni lazima kisheria kwenye mota za majumbani tangu 1993, na UL 325, kiwango cha usalama cha Marekani cha mota za milango na mageti, kinataka mlango unaofungwa na mtu asiyeuona utoe mlio na mwanga kwa angalau sekunde 5 kabla haujaanza kushuka. Huku watu wanaweka kufunga kwa mbali na macho yenyewe yameng'olewa. Hii ni hatari, wakuu.

Halafu rilei. Shelly 1, kifaa kidogo cha rilei cha Wi-Fi, inagusisha nyaya zake za kutokea tu bila kuzipa umeme, kwa hiyo inafaa. Shelly 1PM inatoa umeme wa ukutani kwenye waya wa kutokea. Ukiupeleka kwenye kitufe cha mota, bodi ya mota imeungua. Kwa mota za betri ya volti 12, kumbuka betri ikichajiwa inapita 13.5, na Shelly Plus 1 kwenye volti 12 haitaki izidi kwa zaidi ya asilimia 10, yaani 13.2. Hapo chukua Shelly Uni, inayokubali volti 12 hadi 36 na ina matokeo mawili na maingizo mawili. Milango mitatu yenye sensa mbili mbili ni Uni tatu, moja kwa kila mlango. Muda wa rilei kujizima, nusu sekunde hadi moja, uwekwe ndani ya kifaa chenyewe, si kwenye apu, kwani mtandao ukikatika kati ya kuwasha na kuzima, rilei inabaki imeshika na kwenye bodi nyingi rimoti zote zinakufa. Na hali ya baada ya umeme kurudi iwe ZIMA. Ukiiacha kwenye kuwaka, umeme ukirudi mlango unafunguka wenyewe.

Mnaoagiza Chamberlain na LiftMaster zenye kitufe cha njano cha kusajili rimoti: waya wake wa ukutani unapitisha data, kugusisha hakusaidii. Tumia ratgdo, kibodi kidogo cha Wi-Fi kinachoielewa data hiyo, moja kwa kila mota. Na msitegemee seva ya kampuni peke yake. Mwaka 2023 Chamberlain walifunga njia ambayo Home Assistant (programu ya kusimamia nyumba janja) ilikuwa ikitumia kuingia myQ, huduma yao ya mtandaoni ya kuendesha milango, na muunganisho huo ukaondolewa kwenye toleo la Desemba. Kabla ya kulipa, chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, bonyeza simu ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Mlango usipotikisika, mrudishie muuzaji mzigo wake.

Wi-Fi ipimeni mlango UKIWA UMEFUNGWA na magari yakiwa ndani, kwa 2.4 GHz. Nguvu ya mawimbi ikiwa chini ya −70 dBm, sogeza ruta.

Anayetaka kupangiwa vifaa aweke hapa: picha ya bodi ya mota, volti zake, rangi ya kitufe cha kusajili, na aina ya kila mlango.