Rupia za Mjerumani: tuziuze nje au zibaki?

Mtoa mada: Wakubwa shikamooni. Bibi ametuachia kibweta, ndani tumekuta rupia tano za fedha, sarafu za enzi ya Mjerumani. Moja ni ya 1890, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: Kaiser Wilhelm II kavaa kofia yenye tai, nyuma simba na mtende. Nne ni za 1905 hadi 1912. Kuna mkusanyaji wa Ulaya anazitaka zote. Kaka zangu wanasema tuuze. Mimi roho inasita. Na si kwetu tu, nchi nzima zinatoka hivihivi. Ni sawa?

Sonara wa Kariakoo: Uza mdogo wangu. Rupia moja ina gramu 11.66, karibu yote fedha tupu. Marehemu baba aliziyeyusha nyingi akafua bangili. Bora Mzungu azitunze kuliko kuishia kwenye tanuri langu. Ila msizisugue kwa limau na majivu! Ikishang'arishwa, mkusanyaji anakata bei.

Mwanasheria mstaafu: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa hapa kabla ya 1863. Inalinda hata milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Rupia ilifuliwa Ujerumani. Haimo.

Mwalimu wa historia, Tabora: Ilifuliwa Ujerumani, sawa, lakini aliyeitolea jasho nani? Kodi ya nyumba ilipoanza 1898, kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na usipokuwa nazo unakwenda kufanya kazi mpaka uzipate. Hiyo rupia ya bibi yako ni ile iliyomponyoka mtoza kodi. Na neno "hela" tulilipata kwao: kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa heller 100. Mnauza kitu ambacho jina lake bado mnalitaja kila siku sokoni.

Sonara wa Kariakoo: Mwalimu, jina halilipi ada.

Mwalimu wa historia, Tabora: Hapo umenishika. Lakini zile za 1916 zilizofuliwa hapahapa Tabora vita vilipobana, za shaba na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, nazo mtasema za Berlin? Mwanafunzi wangu akitaka kuiona ile ya tembo, namwonyesha picha kwenye simu. Mimi sidai mzitoe bure. Nadai makumbusho yetu yaulizwe kwanza, yakishindwa bei ndipo ziondoke.

Mpita njia: Jihadharini na matapeli pia. Niliwahi kuonyeshwa rupia eti ya maajabu, "inayovuta mchele". Haikuvuta kitu, ilivuta pesa za shemeji yangu.

Mtoa mada: Nimewasomea kaka zangu yote. Hoja ya mtoza kodi imewanyamazisha kidogo. Za 1905 na kuendelea tutaziuza, ada za watoto hazisubiri. Ya 1890 shangazi kaifunga kwenye pindo la khanga, anasema anayeitaka aje amwombe yeye.