Uhandisi wa kemikali Moi, bayokemia Chiromo, au Marekani?

MamaZawadi_Kasarani: Hamjambo. Binti yangu Zawadi amepita KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, vizuri, kemia na hesabu ndizo zilimbeba, na sasa nyumbani hatupatani. Yeye anataka uhandisi wa kemikali na biomolekuli (molekuli za viumbe hai), ameuona wa Georgia Tech na Johns Hopkins, vyuo vya Marekani. Mimi namwonyesha ule wa kemikali na michakato kule Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Shangazi yake anasema bayokemia Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, awe akilala nyumbani.

Bomba_na_Valvu: Mama, bayokemia si uhandisi. Wa bayokemia anauliza hamira inafanya nini. Mhandisi anauliza itafanyaje hayo kwenye lita 10,000 bila kujipika. Hamira ikifanya kazi hutoa joto. Tangi likikua mara 2 kila upande, ujazo unakuwa mara 8 lakini ukuta wa kupoozea mara 4 tu. Ndiyo maana matangi makubwa huzungushiwa maji baridi. Hilo ndilo somo lenyewe, miaka 5.

Pipeti: Kaka, taratibu. Insulini ya binadamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982 ilitengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni. Nani aliwapandikiza, mafundi bomba?

Bomba_na_Valvu: 😂 Na nani aliifikisha kwa duka la dawa?

Pipeti: Haya, tugawane. Lakini mama, ajue mapema: kwa shahada ya bayokemia Bodi ya Wahandisi haitamsajili. Mimi sikuutaka usajili huo, nafurahia maabara yangu.

Juja_hadi_Atlanta: Shikamoo mama. Niko huku Marekani kwa PhD. Chuo cha utafiti kina utamu wake: hata wa mwaka wa pili anaweza kuingia maabara ya profesa, aanze kwa kuosha vyombo na kulisha seli. Ila karo ya shahada ya kwanza ni mlima. Kwa PhD ya uhandisi, kawaida karo hulipiwa na unapewa posho. Ningekuwa Zawadi ningemaliza Eldoret na mkopo wa serikali wa HELB, kisha nije huku kwa hiyo biomolekuli. Akija sasa, aiulize Bodi kwanza kama itaitambua shahada hiyo, asiulize akisharudi.

MamaZawadi_Kasarani: Marahaba, mwanangu. Nimempa simu asome mwenyewe. Amefika hapo kwa mara 8 na mara 4, akachukua futi na kupanda juu kupima tangi la maji la ploti. Mwenye nyumba anauliza kuna nini.