Mtoto wa miaka 12 amewekwa P.2 (darasa la pili) kwa sababu ya Kiingereza. Nikubali?

MamaVitenge, Katwe
Habari zenu. Mimi Mkongomani, nauza vitenge hapa Katwe, Kampala, Uganda. Kijana wangu ana miaka 12. Bukavu alimaliza mwaka wa tano kwa asilimia 71. Juzi nilimpeleka shule ya serikali iliyo karibu na tunapokaa. Mwalimu mkuu akapokea buletini yake, yaani ripoti ya shule, akaitazama mbele na nyuma, akasema hii ni Kifaransa. Akamuuliza mtoto jambo kwa Kiingereza, mtoto akanyamaza. Basi, P.2.

Hawakumfukuza, nashukuru. Lakini anakaa na watoto wa miaka saba, magoti yanagonga meza, wanamwita "jjajja", yaani babu. Jana karudi na daftari: 6 + 7. Huyu alishafika kwenye desimali! Nivumilie, ama nihangaike na shule ya kulipia? Na hii ya bure imeshanidai rimu ya karatasi, mifagio miwili na pesa ya uji.

Mnubi_Bombo
Dada, vumilia. Mimi niliingia P.1 hapa Bombo najua Kinubi na Kiswahili tu. Wenzangu wakicheka nami nacheka, sijui tunacheka nini. P.3 nilirudia. Leo ni fundi umeme mwenye cheti. Lugha itaingia, na lazima iingie, maana PLE, mtihani wa kumaliza P.7, haina Kiswahili hata kama katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Rasmi ya kwenye karatasi hiyo.

MamaVitenge, Katwe
Kaka, wewe ulikuwa na miaka mingapi? Wangu sauti imeanza kubadilika.

Mwalimu_Jinja
Mama, pole. Nimefundisha msingi miaka 19. Mnubi kasema kweli juu ya lugha, ila umri hausubiri. Piga hesabu: P.2 akiwa na 12, PLE atakaa nayo ana 17, ndevu zimeota. Wa namna hiyo niliokuwa nao, wengi sikuwaona P.5. Niliwakuta stendi wanaosha boda boda.

Kama ninyi ni wakimbizi, sheria ya wakimbizi ya 2006 inampa mwanao haki ya elimu ya msingi sawa na raia. Mwalimu mkuu atakwambia haki ameshampa, si yumo darasani? Hapo ndipo mimi nagombana na wenzangu kila muhula. Kumpa dawati si kumpa darasa lake.

Halafu muulize swali moja kwa upole: P.2 yenu mnafundisha kwa lugha gani? Utaratibu tangu 2007 ni P.1 hadi P.3 kwa lugha ya eneo. Kama wanaufuata, mtoto ameshushwa kwa kutojua Kiingereza, akakalishwa kwenye Luganda, lugha ya hapo Kampala!

Omba apimwe hesabu kwa maandishi. Kugawanya ni kulekule Bukavu na Kampala. Akifaulu, aombewe P.5, au P.4 ikishindikana, na jioni umtafutie mtu wa Kiingereza. Shule ya kulipia usiikimbilie. Nyingi zitamshusha vilevile na ada utalipa.

MamaVitenge, Katwe
Mwalimu, nimemuuliza sasa hivi wanahesabu vipi darasani. Kaniambia: "emu, bbiri, ssatu." Luganda hiyo, moja, mbili, tatu! Nimecheka mpaka wateja wakageuka.

Kesho asubuhi narudi pale na daftari lake la hesabu la Bukavu. Na mifagio, maana hiyo najua hawatanisamehe.