MREJESHO: Mafundi wananuna wakirekebishwa

Wakuu, niliuliza kuhusu karakana ya kushona sare yenye mafundi 6: wakirekebishwa wananuna, wakisifiwa hakuna kinachobadilika.

Kumbe tatizo lilikuwa kwenye "lakini". Ukisema "Unashona vizuri, lakini kola imepinda", fundi anasikia kola tu, na kesho ukimsifu anasubiri kisu. Sasa sifa na marekebisho haviji pamoja kabisa.

Sifa hutolewa siku hiyohiyo na hutaja kitu: "Sketi zote 20 marinda yamelingana." "Kazi nzuri" tupu haisaidii, maana mtu hajui arudie nini. Wapo pia wasiopenda kusifiwa hadharani. Hao waambie pembeni.

Marekebisho ni faragha, nguo ikiwa mezani na futi mkononi. Anza na kinachoonekana: "Pindo huku sm 3, huku sm 2." Kisha madhara: itafumuliwa, nusu saa imepotea. Halafu uliza, "Nini kinasababisha?" na unyamaze. (Aliyenishauri hili, asante sana.) Kwetu jibu la fundi lilikuwa kwamba pindo linashonwa bila kupigwa pasi kwanza, kwa sababu pasi ni moja na foleni ni ndefu. Hapo ungemfokea mtu bure. Pasi ya pili imeongezwa.

Malizeni kwa hatua moja tu, na siku ya kukagua, mfano baada ya siku 3. Usipokagua, wataona ulikuwa unapiga domo.

Kigumu bado ni fundi mkongwe anayemzidi msimamizi umri. Kwake shikamoo kwanza, na swali badala ya agizo: "Mzee, pindo hili ungelishikaje lisiteleze?"